Mkono Uliokatwa Pichani

Kwa miaka minane watu walimwita Dada Pasipoti, naye aliitika bila kinyongo. Jina hilo alilipata kazini, katika chumba chembamba cha fotokopi kilichobanwa kati ya duka la viatu na ofisi ya wakili. Alitoa nakala, alichapa barua za watu wasiojua kuchapa, alibana ripoti za wanafunzi kwa waya, na nyuma ya pazia la kahawia alipiga picha za pasipoti. Mteja alikaa kwenye stuli, mgongoni kwake kitambaa cheupe, na yeye alitoa maneno yale yale ambayo hata hakuyasikia tena: "Inua kidevu. Angalia hapa. Usicheke. Tayari."

Siku moja mama mmoja alirudi akihema, ameshika bahasha aliyopewa nusu saa nyuma. Ndani yake mlikuwa na picha nne za mwanamume mwenye ndevu.

"Dada," alisema yule mama, "najua sijapendeza sana, lakini hata kama!"

Walicheka wote wawili hadi wakili wa jirani akachungulia. Lakini jioni, akiwa anafunga duka, jambo lile lilimrudia na halikuchekesha tena. Miaka minane anazipiga picha nyuso za watu, na hakuna hata mmoja aliowahi kuutazama. Mwezi uliofuata, akiwa na umri wa miaka thelathini na sita, alijiandikisha katika darasa la upigaji picha kwenye chuo cha ufundi kilichokuwa mwendo wa dakika ishirini kutoka dukani. Vipindi vilikuwa Jumatano alasiri na Jumamosi asubuhi. Mwenye duka alikubali kumwachia Jumatano kwa sharti kwamba afidie Jumapili.

Darasa lilikuwa chumba kilichowahi kuwa cha ushonaji, na sanamu za kupimia nguo zilikuwa bado zimejipanga nyuma, hazina vichwa, kama wanafunzi waliochelewa. Wanafunzi wenyewe walikuwa kumi na wanne, wengi wao vijana wenye simu nzuri kuliko kamera yake. Mwalimu alikuwa mtu mrefu, wa miaka hamsini hivi, mwenye sauti ya chini kiasi kwamba ili kumsikia ilibidi uiname mbele. Baadaye Dada Pasipoti alikuja kufikiri kwamba hiyo ndiyo ilikuwa hila yake: ulijikuta umemwinamia mtu kabla hujaamua kumwamini.

Siku ya kwanza aliwazuia kutoa kamera.

"Leo hatupigi picha," alisema. "Leo tunatazama. Niambieni, mistari iko wapi humu ndani?"

Walitazamana. Mmoja akataja dirisha. Mwingine akataja ubao. Mwalimu akangoja. Dada Pasipoti akaona waya wa taa ulivyoshuka ukutani, akaona ukingo wa meza, akaona pindo la sketi yake mwenyewe, na ghafla akaona kwamba chumba kizima kilikuwa kimeshonwa kwa mistari, nayo yote ilikuwa ikiyavuta macho kuelekea mlangoni. Alipolisema hilo, mwalimu alimgeukia akauliza, "Dada, ulisema unafanya kazi wapi?"

Kuanzia siku hiyo alinunua daftari la jalada gumu na akawa anaandika kila kitu. Wiki ya mistari aliandika kwamba kamba ya kuanikia nguo ikilegea inaonekana imechoka, na ikivutwa inaonekana ina hasira, ingawa kamba ni ile ile. Wiki ya maumbo alikaa mbele ya sufuria za jikoni kwao akazitazama hadi zikaacha kuwa sufuria, zikawa miduara mikubwa na midogo iliyolaliana. Wiki ya mwanga na kivuli ilimtia matatani, maana alianza kumwashia mteja taa upande mmoja tu ili pua isimame na shavu liwe na bonde. Picha tatu zikarudishwa kutoka ofisi ya uhamiaji kwa sababu nusu ya uso haikuonekana.

"Dada yangu," mwenye duka alimwambia huku akizipanga zile picha mezani kama karata, "hawa watu wanataka kusafiri. Hawataki kutundikwa makumbusho."

Alirudisha taa mbili. Lakini moyoni alikuwa ameshahama. Rangi, ambazo zamani zilikuwa tu nyekundu au bluu, sasa zilikuwa na majirani: nyekundu ikikaa karibu na kijani ilipiga kelele, ikikaa karibu na kahawia ilinong'ona. Hayo aliyaandika kwenye daftari, na pembeni akaongeza: "Mwalimu anasema jicho hujifunza kama ulimi wa mtoto. Kwanza hutaja vitu, halafu hutunga sentensi."

Mwalimu alimpenda kama mwanafunzi, na hakuficha. Kamera yake ndogo ilipogoma kufunguka lenzi, mwalimu alimletea ya kwake ya zamani, nzito, yenye mkanda uliopauka, akamwambia akae nayo muhula mzima. Wakati wa mapumziko walikaa benchi moja nje ya darasa, yeye akila maandazi aliyobeba, mwalimu akimsahihishia daftari kwa kalamu ya risasi. Alimuuliza habari za nyumbani. Dada Pasipoti, ambaye dukani alisikiliza habari za wengine kutwa nzima na hakuna aliyeuliza zake, alijikuta anasimulia. Alimweleza habari za kaka yake, fundi rangi, mtu wa masihara yasiyoisha. Zaidi ya yote alimweleza habari za mama yake.

Mama yake alikuwa mkunga. Miaka thelathini na mmoja alifanya kazi katika wodi ya wazazi, na ingawa alikuwa amestaafu zamani, mtaa mzima bado ulimwita Mama Mkunga. Huwezi kutembea naye hadi gengeni bila mwanamume mzima mwenye kitambi kusimama na kumwambia mkewe, "Huyu ndiye aliyenipokea." Akiwa na miaka sabini na mmoja alikuwa bado amenyooka, mkali kidogo, msafi kupita kiasi, na hakupenda kupigwa picha. Aliposimulia sababu, alisimulia kwa kifupi: maishani mwake ameona watu wengi wakiwa katika hali ambayo wasingependa kuonwa, na hakuna hata mmoja aliyewahi kusikia habari zake zikitoka kinywani mwa mkunga. Alichokiona wodini alikiacha wodini. Naye alitaka kutendewa hivyo hivyo.

Basi ikaja wiki ya kile ambacho mwalimu alikiita ngozi ya vitu: ule ukwaruzo au ulaini ambao jicho huuhisi kabla ya kidole. Aliwaeleza kwamba mwanga ukimpiga mtu usoni moja kwa moja huifuta ngozi, lakini ukija kwa ubavu, kila shimo na kila kinyweleo husimama na kujieleza. Kazi ya wiki ilikuwa picha moja tu.

Jumapili hiyo, baada ya kutoka dukani, Dada Pasipoti aliikuta nyumba imepinduliwa. Kaka yake alikuwa ameamua kupaka sebule rangi upya. Viti vilikuwa vimerundikwa nje, rangi ya zamani ilikuwa imebanduliwa nusu ya ukuta, na vipande vyake vilitapakaa sakafuni kama maganda. Mama Mkunga, ambaye aliambiwa akae kwa jirani apumzike, alikuwa amevaa gauni lake kuukuu la kufanyia usafi, limechanika begani, ameshika skrepa na kukwangua kwa bidii kumshinda fundi mwenyewe. Nywele na nyusi zake zilikuwa nyeupe kwa vumbi.

"Mama, utaugua kifua," binti alisema.

"Mwache," kaka akajibu kutoka juu ya ngazi. "Nimemwajiri. Akizingua namfukuza."

Mama alicheka kicheko kikubwa, akakohoa, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa na kuegemeza kichwa ukutani, macho kayafumba ili vumbi lisiingie. Kaka akashuka, akamimina maji kwenye kikombe, akanyoosha mkono kumpa. Dirisha lilikuwa kushoto. Jua la saa kumi liliingia kwa ubavu, likapita juu ya ukuta uliobanduka na juu ya uso wa mama kwa mpigo mmoja, na kwa mara ya kwanza maishani binti aliuona uso ule: mifereji yake, ulaini chini ya macho, kovu dogo la kidevuni ambalo hakuwahi kujua lilitoka wapi. Ukutani, juu ya kichwa cha mama, kaka alikuwa amejaribisha rangi mpya, kipande cha njano mbichi chenye ukubwa wa gazeti. Mkono wa kaka, wenye matone ya njano hiyo hiyo, uliingia kutoka kulia ukiwa na kikombe.

Akabonyeza.

Mama akafumbua macho. "Umefanya nini wewe?"

"Kazi ya darasani, Mama. Tunasoma ngozi ya vitu."

"Kwa hiyo mimi ndiye kitu?"

Kaka nusura amwage maji kwa kucheka. Mama hakucheka. Alinywa, akafuta mdomo kwa mgongo wa kiganja, kisha akaomba aione. Aliitazama kwenye kioo kidogo cha kamera kwa muda mrefu.

"Nimezeeka," alisema. Halafu, "Si mbaya." Halafu akamrudishia kamera na kumshika mkono wakati huo huo. "Sikiliza, mwanangu. Mimi watu hawanioni hivi. Umeniona wewe kwa sababu ni wangu. Mwalimu wako aione, akusahihishie, iishie hapo. Niahidi."

"Nakuahidi, Mama. Anaiona mwalimu, anaweka alama, basi."

Jumatano alimpelekea mwalimu picha na sharti lake. Mwalimu aliiweka kwenye skrini ya kompyuta, akasogea nyuma, akasogea mbele. Vijana wengine walikuwa wameshatoka.

"Miaka kumi na mmoja nafundisha," alisema kwa ile sauti yake ya chini. "Sijaletewa picha kama hii."

"Mama hataki itoke, Mwalimu. Nimemwahidi."

Mwalimu akaweka kiganja kifuani. "Kazi za darasani hazitoki darasani. Mwambie mama asiwe na wasiwasi. Niachie tu nakala, niiangalie kwa utulivu nikuandikie maoni."

Akamwachia. Maoni yalikuja ukurasa mzima, mazuri, na aliyasoma mara nne akiwa anangoja mashine ya fotokopi ipate moto. Alitembea wiki tatu kama mtu aliyevaa viatu vipya.

Wiki ya nne, Ijumaa kabla ya adhuhuri, aliingia dukani kijana nadhifu mwenye kitambulisho shingoni. Alitaka nakala mia mbili za kipeperushi, pande zote mbili, karatasi nzito. Dada Pasipoti alikipokea, akanyanyua mfuniko wa mashine, akakilaza juu ya kioo. Hapo ndipo alipokiona.

Mama yake alikuwa amefumba macho.

Hakuelewa haraka. Jicho lilielewa kabla ya akili. Njano haikuwepo, picha ilikuwa imegeuzwa ya rangi ya majivu, na vivuli vilikuwa vimekolezwa hadi mifereji ya uso ikawa makorongo. Vumbi la rangi kichwani lilikuwa sasa mvi za mtu asiyechanwa. Ukuta uliokuwa ukingoja rangi mpya ulikuwa sasa ukuta wa nyumba inayobomoka. Upande wa kulia picha iliishia begani, pale pale gauni lilipochanika. Mkono haukuwepo. Kikombe hakikuwepo. Chini, kwa herufi kubwa nyeupe: HANA MTU. Na chini yake, kwa herufi ndogo: Unaweza kuwa mtu wake.

Pembeni kabisa, kwa maandishi madogo kama sisimizi, kulikuwa na neno "Picha" likifuatiwa na jina kamili la mwalimu.

"Kuna tatizo, dada?" yule kijana aliuliza.

"Hii picha mmeipata wapi?"

"Imetoka makao makuu. Sisi ni shirika la kusaidia wazee. Nzuri, eh? Kuna bango lake pia, pale kwenye mzunguko wa barabara. Watu wanasimama kabisa."

Dada Pasipoti aliufunga mfuniko. Aliibonyeza mashine kitufe cha kuzima, taa zikafa. "Mashine imekufa," alisema. Kijana alitazama saa, akachukua kipeperushi chake na kwenda duka la pili. Kupitia mlangoni alimwona akivuka barabara, na dakika chache baadaye akasikia, au alidhani anasikia, mashine ya fotokopi ya ng'ambo ikianza kutema karatasi.

Hakungoja Jumamosi. Alimwomba mwenye duka saa moja, akaenda chuoni kwa miguu, na alimkuta mwalimu peke yake darasani akifuta ubao. Mwalimu alipomwona usoni, alikiweka kifutio chini taratibu.

"Nilitaka kukuambia," alisema.

"Lini?"

"Kaa kwanza."

"Sikai. Lini, Mwalimu?"

"Walikuwa wanatafuta mpiga picha wa kudumu. Walitaka kuona kazi moja yenye nguvu. Nilikuwa na siku mbili tu." Alifungua mikono. "Angalia, ni kwa ajili ya wazee. Kuna watu watakula kwa sababu ya picha ile. Na wewe, tuseme ukweli, kama ungeipeleka mwenyewe, nani angekusikiliza? Huna jina bado. Nilikuwa nafikiria baadaye nikuvute na wewe uingie."

"Mama yangu ana mtu."

"Picha haisemi kwamba hana mtu. Maneno ndiyo yanasema. Maneno si yangu."

"Na mkono?" Sauti yake mwenyewe ilimshangaza, ilikuwa ya chini kuliko ya mwalimu. "Mkono wa kaka yangu, nani ameukata?"

Mwalimu alitazama dirishani. Yeye ndiye aliyewafundisha, wiki ya tano, kwamba fremu si kisanduku, ni uamuzi. Kwamba kinachoachwa nje kinazungumza kama kilichoingizwa ndani. Dada Pasipoti alikuwa ameyaandika hayo kwa wino mwekundu. Sasa alimngoja ajibu. Alichosema mwalimu ni hiki: "Kama kazi ya picha, ilihitaji kukazwa."

Aliondoka. Njiani alipita kwenye mzunguko, na bango lilikuwepo kweli, juu ya nguzo mbili za chuma, mama yake mkubwa kama nyumba. Wapita njia walimwangalia mama akiwa hajajiandaa.

Alikuwa amepanga maneno ya kumwambia. Aliyapanga barabara nzima. Lakini alipofika nyumbani alikuta viatu vya wageni mlangoni. Sebuleni, iliyokwisha kupakwa njano, walikuwa wamekaa wanawake watatu wa mtaa wa nyuma, kila mmoja ameleta kitu: mche wa sabuni, mkate, blanketi lililokunjwa. Mmoja wao alikuwa analia. Mama Mkunga alikuwa amekaa wima kwenye kiti chake akiwa na blauzi yake safi yenye kola, anamfariji.

"Mtoto wangu wa kwanza kabisa ulinizalisha wewe," yule mwanamke alikuwa anasema. "Ungeniita tu, Mama Mkunga. Kwa nini usubiri hadi ubandikwe barabarani?" Kisha akamwona binti amesimama mlangoni, na machozi yakakauka. "Aa. Amekuja." Wote watatu walimwangalia Dada Pasipoti kwa namna ambayo hakuwahi kuangaliwa maishani.

Walipoondoka, mama alilichukua blanketi lililoachwa kitini, akaliweka kando, akakaa tena. Kipeperushi walichomletea wageni kilikuwa mapajani mwake.

"Mama, si mimi. Ni mwalimu. Aliniambia haitoki, akaweka mkono kifuani, akaniapia..."

"Nimekisoma. Jina lake nimeliona."

"Nimetoka kwake sasa hivi. Nimemwambia..."

"Mwanangu." Mama hakupandisha sauti. "Huyo mwalimu simjui. Sijawahi kumpa kitu, kwa hiyo hajaninyang'anya kitu. Uso wangu nilikupa wewe."

Binti alipiga magoti akamshika mama miguu, na mama akamwacha amshike, wala hakuweka mkono juu ya kichwa chake kama alivyozoea.

Kaka aliporudi na kusikia habari, alichukua ngazi yake ya kazi, akaenda kwenye mzunguko mchana kweupe akitaka kulipaka bango lote njano. Askari wa barabarani alimshusha. Alirudi na ndoo yake, kwa mara ya kwanza hana utani wowote. "Mkono wangu," alikuwa anarudia. "Wameukata mkono wangu wakamwandikia mama hana mtu. Mimi nilikuwa wapi kumbe? Marehemu?"

Jumatatu walikwenda wote watatu kwenye ofisi za shirika. Mama alichagua mwenyewe nguo: sketi ya bluu, blauzi nyeupe, saa ya kubandika kifuani aliyokuwa akipimia mapigo ya wagonjwa. Ofisa aliyewapokea alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani. Aliwauliza wamekuja kwa shida gani.

"Mimi ndiye yule ambaye sina mtu," alisema Mama Mkunga. "Nimekuja na watoto wangu."

Binti akaweka mezani picha kamili, yenye njano, yenye mkono na kikombe. Ofisa aliitazama, akatazama bango dogo lililobandikwa nyuma ya kiti chake, akavua miwani. Alisema mpiga picha aliwaambia ni bibi mmoja wa mtaani kwao anayeishi peke yake, na kwamba ameridhia kwa mdomo. Aliomba radhi, na ilionekana anaomba kweli. Mabango yangeshushwa. Yalishushwa, ingawa ilichukua wiki mbili. Vipeperushi vilikuwa vimeshakwenda mbali. Miezi mitatu baadaye shangazi mmoja wa mbali alipiga simu akilia, akiwatukana watoto wa kaka yake kwa kumtupa mama yao, na ilibidi mama mwenyewe achukue simu amwambie yuko hai, ameshiba, na aache kelele.

Shirika lilimwacha mwalimu. Chuo kilimwita, kikamtaka aandike barua. Barua ilifika dukani ndani ya bahasha ndefu. Iliandikwa vizuri sana. Ilisema anasikitika "iwapo kuna mtu yeyote aliyeumizwa". Dada Pasipoti aliisoma mara moja, akaitia kwenye faili la karatasi chakavu zinazotumika upande wa pili. Mwalimu aliendelea kufundisha. Wanafunzi wawili walimpigia simu Dada Pasipoti kumpa pole. Mmoja alimwambia kwamba pengine alikuza mambo, kwamba mwalimu ni mtu mwema na kila mtu hukosea. Kamera ya zamani aliifuta vumbi, akaizungushia mkanda wake, akamkabidhi mlinzi wa getini. Vilikuwa vimebaki vipindi vitatu apate cheti. Hakurudi.

Nyumbani, siku kumi na moja mama alizungumza naye mambo ya lazima tu: chumvi imeisha, mlango ufungwe. Siku ya kumi na mbili alimwita amsaidie kutia uzi kwenye sindano, na baada ya hapo mazungumzo yalirudi kidogo kidogo, kama maji bombani baada ya mgao, yakiwa na kutu kwanza. Hawakulizungumza tena jambo lile. Lakini binti akiingia chumbani ghafla mama akiwa anavaa au amesinzia, mama hujifunika upesi, kama mtu anayejifunika mbele ya mgeni. Zamani hakuwa anafanya hivyo.

Kilichomuuma zaidi Dada Pasipoti hakuweza kumweleza mtu. Macho yake hayakurudi yalivyokuwa. Alitamani yarudi. Akiwa njiani kwenda kazini bado aliona mistari ya vyuma vya daraja ikimvuta, bado aliona kivuli cha duka la viatu kikilala juu ya ngazi kwa vipande sawa sawa, bado alijua kwa nini nyekundu ile karibu na kijani kile ilikuwa inapiga kelele. Na kila alipoona, aliona kwa sauti ya yule mtu. Zawadi aliyompa na kisu alichomchoma vilitoka kwenye mkono mmoja, naye hakujua namna ya kurudisha kimoja akabaki na kingine. Katika daftari, chini ya somo la mwisho, aliandika: "Amenifundisha kuona. Mbona yeye sikumwona?" Hakuandika tena humo.

Karibu mwaka ulipita. Asubuhi moja alimsindikiza mama kwenye kliniki ya macho. Walikaa kwenye mabenchi ya mbao, foleni ndefu, muuguzi akiita namba. Mwalimu aliingia akiwa amefunikwa jicho moja kwa pamba. Alimwona, akasita, kisha akatabasamu.

"Mwanafunzi wangu bora," alisema kwa ile sauti ya kuinamia. "Habari za siku nyingi?"

"Nzuri, Mwalimu. Shikamoo."

Alisalimia kwa sababu alilelewa kusalimia. Kisha akaanza kukusanya mkoba wa mama na kadi ya kliniki, wahamie benchi la mbele. Mwalimu akaenda kukaa nyuma.

Mama aligeuka akamtazama kwa muda, na macho yake mabovu ameyakaza.

"Ni nani yule?"

"Ni yule niliyekuwa nasoma kwake."

Mama Mkunga alitazama tena, bila haraka, kama alivyokuwa akiwatazama wagonjwa wapya wodini kabla hajawauliza chochote.

"Ndiye huyo?" alisema. "Mbona ana uso wa mtu mwema."

"Ndiyo, Mama," binti alijibu. "Anao."

Muuguzi akaita namba yao. Dada Pasipoti akasimama, akampa mama mkono ajishikize, na mama, baada ya kutazama pale mkono ulipo, akaushika.